Mtoto wa Februari

Belzora, Mississippi
2 Januari

Mdogo wangu Cleotis,

Pokea salamu zangu, za binti yako Jonquil, na za watu wote wa kanisani wanaouliza kama bado uko hai. Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto ndilo lenye maneno, na sakafu ya bafu inazidi kuoza. Ukiingia kwenye beseni la kuogea unasikia mbao zinanung'unika chini yako. Nimemwambia Jonquil aoge haraka asije akashukia chini ya nyumba na sabuni mkononi. Ana miaka tisa sasa, kama umesahau.

Kunde za mwaka mpya tulipika jana kama kawaida, na mboga za majani, na mkate wa mahindi. Ulisema unakuja. Nilikufunikia sahani mpaka jioni, halafu binamu yetu Burrell akaiona, na unamjua Burrell.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu mtandao wako hukatika kila nikifika kwenye jambo lenyewe. Karatasi haikatiki.

Jambo lenyewe ni hili. Unakumbuka Mama, Mungu amrehemu, alivyokuwa akimaliza kunde anafuta meza na kuanza kugawa watoto. Aliyefanya kazi mwaka uliopita na hana mtoto alipewa wa kumwandika kwenye fomu ya kodi ili serikali imrudishie pesa nzuri, na mwenye mtoto akakatiwa fungu lake. Burrell aliwaandika mapacha wa dada yake miaka mitatu, na mpaka leo hajui yupi ni yupi. Hakuna aliyeuita wizi. Tuliita kusaidiana. Na tangu mama yake Jonquil afariki nikamchukua mtoto, nimekuachia wewe umwandike kwa sababu ni damu yako, na, nikisema kweli, kwa sababu ndiyo njia pekee ya kukusikia ukiulizia hali yake. Kila Februari, msimu wa kujaza kodi ukifika, unampenda sana.

Sasa mwaka huu Mama Mchungaji ameanzisha meza ya kusaidia watu kujaza kodi bure, pale ukumbi wa chini wa kanisa. Alitaka watu wa kujitolea. Nikasema mimi napakulia shule nzima chakula cha mchana, karatasi hazitanishinda. Tukafundishwa, tukafanya mtihani, nikapita, nikaweka sahihi kwamba sitaandika uongo ninaoujua. Na kwenye mafunzo hayohayo ndipo nikagundua kwamba ukoo mzima wa Grigsby umekuwa ukivunja sheria huku mdomo umejaa kunde. Nafuu ile imewekwa kwa mtu wa mshahara mdogo ambaye mtoto analala chini ya paa lake zaidi ya nusu ya mwaka. Haigawiwi kama mapaja ya kuku.

Kwa hiyo mwaka huu Jonquil nitamwandika mimi. Sikuombi ruhusa, nakupa habari. Pesa hiyo itatengeneza sakafu.

Ni mimi dada yako,
Odessa


Memphis, Tennessee
15 Januari

Dada Odessa,

Barua imefika salama na imenikuta mzima wa afya, isipokuwa baridi. Mpe Jonquil salamu na umwambie Baba anamkumbuka. Kuhusu kunde, nisamehe. Gari liligoma, na nilipolibembeleza likakubali, nikagoma mimi.

Hongera kwa mtihani. Nimefurahi sana kwa sababu, ajabu ya Mungu, hata mimi mwaka huu nimeingia kwenye fani ya kodi. Nimeajiriwa na ofisi moja kubwa hapa ya Bwana Tolliver. Niko kitengo cha mahusiano na umma. Wateja wakifika, mtu wa kwanza kumwona ni mimi. Kuna sare. Kwa hiyo sasa tuko wataalamu wawili katika familia moja, na Mama huko aliko anatabasamu.

Kuhusu lile jambo lako, nimelisoma na nimelielewa. Lakini Dada, kwani Mama angesemaje? Yeye aligawa watoto miaka yote ile na hakuna askari aliyewahi kuja. Mtoto ana macho yangu, ana pua yangu, hata kucha za miguu ni zangu, leo serikali iniambie si wangu kwa sababu ya paa? Paa ni mabati tu.

Sisemi ndiyo, sisemi hapana. Nasema tusiwe na haraka. Tutazungumza. Goti lipake mafuta ya kafuri.

Mdogo wako mtiifu,
Cleotis


Belzora
4 Februari

Cleotis,

Hatujambo. Goti halijambo. Jonquil ameng'oka jino.

Jana ilikuwa siku yangu mwenyewe ya kujaza. Nilikaa upande wa pili wa meza yangu, kwenye kiti cha wateja, na Mama Mchungaji ndiye aliyenijazia. Kila kitu kikaenda vizuri mpaka akabonyeza kutuma. Mashine ikakaa kidogo, kisha ikarudisha fomu. Akatuma tena, ikarudi tena. Akavua miwani, akasoma, akaninong'oneza kwa ile sauti yake ambayo hata viziwi huisikia: "Dada Odessa, namba ya huyu mtoto imeshatumika. Kuna mtu kashamwandika."

Wanawake niliowahubiria wiki nzima kwamba watoto hawagawiwi walikuwa wamekaa pale na bahasha zao mapajani, wananitazama. Mmoja akaniuliza kwa upole kama nina habari ni mtu gani huyo. Nikasema sina habari. Nimeweka sahihi kwamba sitaandika uongo, lakini hakuna aliyeniambia nisiuseme.

Kumbe wakati unaniambia tusiwe na haraka, wewe ulikuwa unakimbia.

Nimechapa fomu yangu kwenye karatasi na kuituma kwa posta. Huko wataona majina mawili juu ya mtoto mmoja, na watauliza. Mimi nasubiri waulize.

Odessa


Belzora
24 Februari

Cleotis,

Hujajibu, nami sikutegemea. Nakuandikia kwa ajili ya jambo jingine.

Jumamosi tulikuja Memphis kwa gari la kanisa. Jonquil alikuwa na miadi kwa daktari wa masikio. Hukuambiwa kwa sababu kila ukiambiwa tunakuja gari lako linagoma.

Wakati wa kurudi tukasimama kwenye taa za barabarani, mkabala na maktaba. Nje ya duka moja la kodi palikuwa na mwanamke wa kijani. Kanzu ya kijani mpaka kwenye vifundo, uso umepakwa rangi ya kijani, taji la sponji kichwani, mkononi mwenge wa plastiki. Sanamu ya Uhuru yenyewe, ila hii ilikuwa na ndevu. Alikuwa anacheza pembeni ya barabara, anawapungia watu wa magari waingie ndani wakajaziwe kodi. Gari zima likacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Jonquil hakucheka. Alibandika uso kwenye kioo, akaniambia, "Shangazi, yule mama anacheza kama Baba."

Nikamwambia duniani wawili wawili.

"Hapana," akasema. "Anarusha goti vilevile alivyorusha jikoni kwetu siku ya keki."

Siku ya keki ilikuwa miaka mitatu iliyopita, Cleotis. Ndipo nami nikaliangalia goti.

Akaanza kupunga mkono. Nawe ukapunga. Taa ikaruhusu, tukaondoka, na mtoto akaendelea kupunga mpaka tulipokata kona. Alikaa chini ana furaha, anamwambia kila mtu garini kwamba Baba kampungia. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba yule mama wa kijani anampungia kila mtu, ndiyo anacholipwa.

Kitengo cha mahusiano na umma. Sawa.

Odessa


Memphis
10 Machi

Dada,

Sitaanza na salamu ndefu. Mimi mzima.

Ndiyo, ni mimi. Kazi ya bohari iliisha mwezi wa kumi na sikutaka ujue. Kanzu ni ya Bwana Tolliver, ndevu ni zangu, alisema nisinyoe maana watu wakicheka wanapunguza mwendo. Barua yako niliisoma mara nyingi. Nimejaribu kulikumbuka lile gari la kanisa nikashindwa. Nilipungia magari siku nzima. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilimpungia mtoto wangu na sikumwona.

Sasa nikueleze ofisi hii kubwa ilivyo. Mtu anaingia na karatasi zake, anajaziwa na kijana aliyefundishwa kwa video. Halafu anaambiwa, pesa yako ya serikali itachelewa, lakini sisi tutakupa leo. Anafurahi, anasaini. Kumbe amekopeshwa pesa yake mwenyewe, na amelipia kuikopa, na amelipia kujaziwa, na amelipia kitu kingine kinachoitwa gharama za ofisi, ambacho nadhani ni kanzu yangu. Najua kwa sababu hata mimi nilifanyiwa hivyohivyo. Sikupunguziwa bei hata kwa kuvaa sare.

Siku iliyofuata baada ya barua yako, akaja mama mmoja na sare ya usafi wa hospitali, watoto wawili wamemshika sketi. Alikuwa ameshafika mlangoni. Sijui nini kilinipata. Nikainama nikamwambia polepole, "Dada, usiingie hapa. Pale ng'ambo maktaba wanajaza bure, na pesa inakuja yote." Nikamwonyesha kwa mwenge. Akanitazama kama mtu aliyesemeshwa na sanamu, akavuka.

Basi nikashindwa kuacha. Kila aliyekuja nikamwelekezea maktaba, huku nacheza. Kufika saa tisa foleni ya maktaba ilikuwa imetoka nje ya mlango, na Bwana Tolliver akatoka kusimama kibarazani, akanisifu kwamba leo naona unavuta watu sana, mbona hawaingii? Ndipo akafuata mwenge kwa macho.

Alinivua kanzu palepale barabarani. Taji alilichukua pia. Rangi ya uso hakuweza kuivua, kwa hiyo nikapanda basi na uso wa kijani na suruali ya ndani ya kuzuia baridi, na bibi mmoja akanipisha kiti.

Kuhusu lile jambo jingine, tutazungumza.

Cleotis


Belzora
19 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Hatujambo. Barua yako niliisoma kwa sauti ukumbini, nikaruka mistari mingine, na Mama Mchungaji alicheka mpaka akashikilia meza. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nimejivunia kuwa dada yako. Nakwambia hivyo waziwazi ili usije ukasema huwa sisemi.

Lakini mganga hajigangi. Umewavusha barabara wanawake wote wa Memphis, wewe mwenyewe umebaki upande uleule. Fomu yako bado inasema Jonquil analala kwako. Vuka.

Beseni limeinama upande wa dirisha. Tunaoga kwa zamu na tunaoga wepesi.

Odessa


Memphis
12 Juni

Dada yangu mpenzi Odessa,

Salamu nyingi sana kwako, kwa Jonquil, kwa Mama Mchungaji, kwa goti, na kwa kila mwenye pumzi hapo nyumbani. Ni matumaini yangu kwamba mmelala salama na mmeamka salama na joto halijawazidi. Mimi nimepata kibarua cha kupakia mizigo. Hewa ya Memphis ni nzuri.

Dada, nimepata barua kutoka serikalini.

Wanasema wameona mtoto mmoja kwenye fomu mbili, na wanataka kila aliyemwandika athibitishe kwamba mtoto aliishi naye. Karatasi ya shule, ya daktari, ya mwenye nyumba, chochote chenye jina la mtoto na anwani yangu. Nisipoonyesha, nitarudisha pesa yote, na miaka inayofuata naweza kunyimwa. Pesa yenyewe ilishakwenda, nusu kwa Tolliver na nusu kwenye gari, na gari limegoma.

Sasa nina wazo dogo. Nitumie kwa basi viatu vyake vya zamani, gauni moja, daftari la shule na picha. Nitavipanga chumbani, nimwite mwenye nyumba aone, aandike kwamba ameona vitu vya mtoto. Na wewe kwa mwaka huu tu uwaandikie kwamba ulikosea. Kitu cha kifamilia. Mwaka ujao zamu yako, naapa mbele ya kunde.

Nisaidie, Dada. Nimebanwa.

Cleotis


Belzora
21 Juni

Cleotis,

Mtu akinisalimia goti najua kuna kitu.

Barua kama yako nami ninayo. Nilikwenda shuleni wakanipa karatasi kabla sijakaa. Nilikwenda zahanati, yule nesi akanichapia ziara zake zote tangu ana miaka miwili, masikio, surua, siku aliyomeza kifungo. Nilimwomba Mama Mchungaji mistari michache, kaandika kurasa. Wote waliandika bila kuniuliza anaishi wapi. Wanajua.

Sitatuma kiatu. Na sitaandika kwamba nilikosea. Nilikosea miaka ile mingine, nilipokuachia. Nilidhani nakusaidia wewe, kumbe namfundisha mtoto kwamba yeye ni wa Februari.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi niambie habari za kitanda hiki. Anaogopa nini usiku? Mwalimu wake anaitwaje? Anavaa kiatu namba ngapi? Kwa nini hali samaki aina ya kambare, yeye peke yake katika Mississippi nzima? Nijibu hayo bila kumpigia mtu simu, na kiatu nitakituma, cha kushoto na cha kulia.

Hakuna anayekwambia si binti yako. Ana kucha zako, masikini. Lakini kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na serikali kwa mara moja maishani mwake imesema kitu kilekile alichosema bibi yetu.

Odessa

Sikutaka kukuambia hili, lakini naona haya kulificha. Tangu siku ile ya gari la kanisa anafanya mazoezi ya kurusha goti mbele ya kioo. Nimemkataza kufanyia bafuni kwa sababu ya sakafu.


Memphis
6 Julai

Dada,

Sikuweza kujibu hata moja. Kiatu nilikisia, nikajua nakisia.

Baada ya barua yako nilizunguka chumba changu natafuta kitu chake. Nilijiambia lazima kuna kitu, soksi, kibanio cha nywele, mchoro aliowahi kunipa. Nilivuta kitanda. Nilifungua hata jokofu. Hakuna hata mswaki, Dada. Miaka sita nimeiambia serikali kwamba mtoto anaishi humu, na humu hakuna hata mswaki.

Nililia. Nakwambia kwa sababu karatasi haikatiki.

Basi nilivuka ile barabara. Nilikwenda maktaba, na wale watu bado wapo wachache, wakanisaidia kurekebisha fomu bila malipo. Yule mama aliyenihudumia alinitazama sana, akasema sura yangu si ngeni kwake. Nikamwambia nilikuwa wa kijani. Akainuka akawaita wenzake, wakanipa chai.

Kulikuwa na mahali pa kueleza sababu ya kurekebisha. Nimewahi kuwaandikia wenye nyumba barua nyingi za uongo na zote ziliteremka zenyewe. Hii ya kweli ilinishinda mpaka maktaba ikataka kufungwa. Niliandika: Mtoto haishi nami. Anaishi kwa dada yangu Odessa Grigsby, ambaye ndiye anayemlea.

Nitalipa kidogo kidogo, wamekubali. Nawe yako itakuja. Tengeneza sakafu.

Nina ombi moja na ukikataa sitanuna. Kabla shule hazijafunguliwa, naomba aje kwangu wiki moja.

Cleotis


Belzora
14 Julai

Mdogo wangu,

Salamu zangu za kweli leo. Barua yako nimeiweka kwenye Biblia ya Mama.

Nimekagua kitabu changu cha mafunzo. Wiki moja haikupi chochote kwa serikali yoyote, wala nafuu, wala punguzo, wala asante. Kwa hiyo nakubali.

Atapanda basi Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, na simu yangu ya zamani mfukoni. Anaogopa kelele za bomba la maji usiku, usimwambie nimekuambia. Mwalimu ni Bi. Pettway. Kambare hali kwa sababu ya sharubu. Kiatu muulize mwenyewe, atafurahi kuulizwa.

Na Burrell keshaanza kuuliza mwaka mpya atapewa mtoto gani. Nimemwambia atapewa kunde.

Odessa


Memphis
2 Agosti

Dada Odessa,

Najua ameshafika na ameshakuhadithia yote, kwa hiyo sitarudia, ila lile la kuunguza mayai ametia chumvi. Nimefurahi kusikia fundi ameanza sakafu.

Kabla hajaja nilinunua mswaki wa zambarau nikauweka kwenye glasi pamoja na wangu. Niliuweka tu. Alipoingia bafuni siku ya kwanza alikaa sana, nikadhani bomba limemtisha. Akatoka akaniuliza, "Ule ni wa nani?" Nikamwambia ni wako. Akarudi ndani, nikasikia anapiga mswaki, saa nane mchana, kabla hata hajala.

Jana nilipomrudisha stendi nikakagua begi lake kama ulivyoagiza. Viatu vipo, daftari lipo, kile kitambaa cha nywele kipo. Basi likaondoka nikapunga mkono, na safari hii nilikuwa nampungia mtu mmoja. Nilipofika nyumbani nikaingia kunawa uso, nikauona mswaki kwenye glasi, bado umelowa.

Nikampigia simu akiwa njiani. Nikamwambia, "Mama, umesahau mswaki wako."

Akasema, "Sijausahau, Baba."

Cleotis